Mstari wa G umetokea na siumwi popote: je, nina korona, nina kinga, au kipimo kimekosea?

*Swali: Shikamoo daktari. Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mbeya. Majuzi walikuja watafiti wakapima wanafunzi na wafanyakazi kingamwili za UVIKO-19. Walinitoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kidude cheupe, na baada ya dakika kama kumi na tano ukatokea mstari kwenye C na mwingine kwenye G. Nikaambiwa "chanya". Sikumbuki kuugua korona na sijachanjwa. Mwenzangu wa chumbani alilazwa kwa nimonia kali Julai 2021, na baadaye mwaka huohuo akachanjwa Janssen, lakini yeye kaambiwa "hasi". Kiongozi wa darasa akaweka majibu yetu kwenye kundi la WhatsApp na sasa wapo wasiotaka kukaa karibu nami. Mama yangu yuko Tukuyu, ana kisukari na presha, nami nataka kwenda kwake likizo. Je, ninaumwa? Nitamwambukiza? Au nina kinga na sihitaji chanjo? Na kipimo kinachompa hasi mtu aliyelazwa kinaaminika vipi?*

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo la mama, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mstari wa C huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Mstari wa G hausemi kwamba unaumwa. Hausemi kwamba leo una virusi puani au kooni, na hausemi kwamba utamwambukiza mtu yeyote. Unachosema ni kwamba kwenye damu yako kuna kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vijidudu, zilizogusana na kipimo hicho, na maelezo yanayowezekana zaidi ni kwamba uliwahi kukutana na kirusi cha korona huko nyuma. Basi. Wenzako wanaohama viti darasani wamesoma jibu vibaya.

Siwalaumu sana, maana kosa hili lina chanzo chake. Hapa kwetu neno "chanya" tumelizoea kupitia kipimo cha VVU. Mtu anatobolewa kidole, mistari miwili inatokea, naye anaelewa kwamba ana virusi na ataanza dawa. Kipimo kile cha haraka nacho hutafuta kingamwili, na kwa macho hakina tofauti kubwa na hicho kidude ulichowekewa damu. Ila VVU vikishaingia mwilini havitoki. Kwa hiyo mtu mzima akionekana ana kingamwili zake, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunajua virusi navyo vipo. Virusi vya korona haviko hivyo. Kwa watu wengi mwili huviondoa ndani ya siku au wiki chache, halafu kingamwili zinabaki miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mstari ni uleule, maana yake ni nyingine kabisa. (Hata kwenye VVU kanuni hiyo ina mpaka wake: mtoto wa chini ya miezi kumi na minane anaweza kuwa na kingamwili alizopata kwa mama yake bila yeye mwenyewe kuambukizwa, ndiyo maana watoto hao hupimwa vinasaba vya kirusi.)

Nikueleze kinachotokea ndani. Kirusi kikiingia, seli za kinga hukitambua kwa maumbo ya protini zake, kisha baadhi ya seli hizo zinaanza kutengeneza kingamwili zinazonasa maumbo hayo. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Kwa wengi kingamwili huanza kuonekana kwenye damu kati ya wiki ya kwanza na ya tatu tangu dalili zianze. Kundi linaloitwa IgM, ambalo kwenye kidude ni herufi M, ndilo hutangulia au huja sambamba na wenzake, na ndilo hupungua mapema. Kundi la IgG, yaani G yako, hufuata kwa karibu na hudumu zaidi. Sasa angalia mpangilio huo wa siku. Siku ambazo mtu anakohoa na kuambukiza wenzake kwa nguvu ni zile za mwanzo, wakati kingamwili bado hazijatosha kuonekana. Kufikia siku ambayo mstari wa G unatokea vizuri, mara nyingi kirusi kimeshaondoka. Ni sawa na kukuta majivu kwenye mafiga: unajua moto uliwaka, lakini huwezi kubandika sufuria hapo ukategemea maji yachemke.

Ndiyo maana nawaomba watu wasichanganye vipimo vitatu tofauti. PCR hutafuta vinasaba vya kirusi kwenye ute wa pua au koo. Kipimo cha haraka cha antijeni hutafuta protini za kirusi, nacho ni cha kijiti cha puani. Hivyo viwili ndivyo vya kujua kama mtu ana maambukizi sasa. Cha damu ya kidoleni, kile mlichofanyiwa chuoni, ni cha kutazama yaliyopita. Hata ile habari ya Mei 2020, Rais Magufuli aliposema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, ambayo bado naulizwa kila ninapozungumza na wanafunzi, ilihusu upimaji wa kirusi chenyewe maabara, haikuhusu kipimo hiki.

Unasema hukumbuki kuugua. Sishangai hata kidogo. Kijana mwenye afya anaweza kupata korona asione lolote, au akaona mafua ya siku tatu. Na kwa hali ya hewa ya huku kwetu, nani anayehesabu mafua? Juni na Julai hosteli nzima inapiga chafya, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, wanne wanalala chumba kimoja na wengine wawili wamekuja kujisomea. Baridi yenyewe haizai kirusi. Ni ile hewa ya chumba kilichofungwa, inayozunguka kati ya watu walewale usiku kucha, ndiyo inayobeba kirusi kutoka kifua kimoja kwenda kingine.

Sasa mwenzako. Hapa ndipo penye jambo ambalo watafiti wengi huwa hawapati muda wa kulieleza kwa wanaopimwa, nami naona wangepaswa. Kirusi cha korona kina protini zaidi ya moja, na kila kipimo kimetengenezwa kutafuta kingamwili za protini fulani. Ipo protini ya mwiba, ile iliyochomoza nje na ambayo kirusi huitumia kuingilia kwenye seli zetu. Maabara huiita S. Ipo nyingine ya ndani, inayofunga vinasaba vya kirusi, inaitwa N. Chanjo ya Janssen, sawa na Pfizer na Moderna, huufundisha mwili protini ya mwiba peke yake. Mtu aliyechanjwa hiyo, kama hajaambukizwa, atakuwa na kingamwili za S na hatakuwa na za N kabisa. Akipimwa kwa kipimo kinachosoma N, jibu ni hasi, na kipimo hakijakosea: hakikutengenezwa kuona alichonacho. Sinopharm ni tofauti, kwa sababu imetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, hivyo inaweza kuleta kingamwili za S na za N pia.

Lakini utaniambia mwenzako hakuchanjwa tu, alilazwa kabisa. Ni kweli, na hapo nina maelezo mawili. La kwanza, kingamwili hupungua, na zile za N kwa kawaida hushuka chini ya kiwango kinachoonekana mapema kuliko za S. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao REACT-2, ambao watu walijipima nyumbani kwa tone la damu, ulionyesha waliokuwa na kingamwili wakishuka kutoka asilimia 6.0 hadi 4.4 kati ya Juni na Septemba 2020, miezi michache tu. Mtu aliyeugua Julai 2021 ana kila sababu ya kutoonekana leo kwenye kipimo kinachosoma N. La pili, kama wakati ule hakupimwa PCR wala antijeni, hatuna hakika kwamba nimonia yake ilikuwa ya korona. Kipindi kile wimbi lilikuwa kali na uwezekano ni mkubwa, lakini nimonia huletwa na vijidudu vingi. Mwulize kama ana cheti au karatasi ya kutoka hospitali. Na ukiweza, waulize watafiti: kipimo chenu kinasoma S au N? Jibu limeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi la vipimo, na ni haki yenu kuelezwa.

Umeuliza kuhusu kuaminika, kwa hiyo twende kwenye hesabu. Tuseme kipimo kinakamata watu 90 katika kila 100 walio na kingamwili, na kinawapa hasi sahihi watu 95 katika kila 100 wasio nazo. Kwa kusikia tu, ni kipimo kizuri. Chukua chuo chenye watu 1,000 mwanzoni mwa janga, wakati 50 tu ndio walioambukizwa. Kipimo kitawapata 45 kati yao. Lakini kati ya wale 950 ambao hawajaguswa, karibu 48 watapewa chanya ya uongo. Maana yake, ukiitwa chanya katika chuo hicho, uwezekano kwamba kweli uliambukizwa haufiki hata nusu. Sasa chukua chuo hichohicho miaka michache baadaye, 800 kati ya 1,000 wameshaambukizwa. Kipimo kitatoa chanya 730, na 720 kati yao ni za kweli. Mambo yamegeuka: sasa chanya ndiyo ya kuaminika, na hasi ndiyo ya kutilia shaka, maana kati ya hasi 270, 80 ni watu walioambukizwa ambao kipimo kimewapita. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu wanaopimwa.

Wewe na mwenzako mmepimwa katika hali ya pili. Shirika la Afya Duniani, WHO, kanda ya Afrika, lilichambua tafiti za damu barani na kutoa matokeo Aprili 2022: watu wenye kingamwili walipanda kutoka karibu asilimia 3 Juni 2020 hadi 65 Septemba 2021, na hiyo ni kabla ya Omikroni, aina ya kirusi iliyosambaa mwishoni mwa 2021. Kwa hiyo chanya yako naiamini kuliko ninavyoiamini hasi ya mwenzako.

Hata hivyo kuna jambo letu wenyewe la kuangalia. Utafiti uliochapishwa 2021 ulichukua damu zilizohifadhiwa kabla ya janga, kutoka Tanzania, Zambia na Marekani, ukazipima kingamwili za korona. Hapakuwa na mtu aliyekwisha kuambukizwa, lakini damu za Tanzania na Zambia zilionyesha dalili za kugusana na protini za kirusi hiki mara nyingi kuliko za Marekani. Virusi vingine vya jamii ya korona, vile vya mafua ya kawaida, vinafanana nacho kiasi cha kukidanganya kipimo, na tafiti nyingine za Afrika zimehusisha malaria na chanya za uongo. Kwa hiyo kipimo kilichofanya vizuri kwenye damu za Ulaya hakipaswi kuletwa Iringa au Mbeya kikatumika vilevile. Kijaribiwe kwanza kwenye damu za watu wa huku zilizohifadhiwa kabla ya 2020. Watafiti wakija tena chuoni kwenu, hilo nalo waulizeni.

Pengine sasa unajiuliza, kama kipimo kina mapungufu yote haya, damu yenu ilichukuliwa ya nini? Ilichukuliwa kwa sababu nzuri, na naunga mkono kazi hiyo. Kenya walipima kingamwili kwenye damu za wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020, wakakadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa nazo, wakati wagonjwa waliokuwa wametangazwa nchini kote walikuwa elfu chache. Bila damu ile, ukubwa wa maambukizi usingejulikana. Vyuo vina umuhimu wa pekee: vinakusanya vijana kutoka kila mkoa, wengi wanaambukizwa bila kufika hospitali, na wanakaa pamoja na wahadhiri, wapishi na walinzi ambao umri na afya zao ni tofauti. Makosa ya kipimo yanaweza kusahihishwa kwa hesabu pale unapozungumzia watu elfu moja. Kwa mtu mmoja aliyeshika karatasi yake hayasahihishiki, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaogawa majibu ya utafiti bila maelezo. Kipimo hiki kinajibu swali la chuo. La kwako hakiwezi kulijibu.

Je, una kinga? Kwa kiasi, ndiyo, lakini si ya aina wanayoifikiria wengi. Afrika Kusini, mkoa wa Gauteng, uchunguzi wa damu uliofanyika mwishoni mwa 2021 ulikuta zaidi ya asilimia 70 ya watu wana kingamwili. Wakati huohuo Omikroni ikaingia na kusambaa kwa kasi ya kutisha, ikiwaambukiza hata wenye kingamwili. Waliolazwa na waliokufa, hata hivyo, walikuwa wachache kwa kulinganisha na mawimbi yaliyotangulia. Kinga ya kutoambukizwa kabisa hufifia upesi na hupitwa na aina mpya za kirusi. Kinga ya kutougua vibaya hudumu zaidi, na sehemu kubwa yake imo kwenye seli T na seli B za kumbukumbu, ambazo kidude chenu hakizioni. Ndiyo maana hata mwenzako mwenye hasi anaweza kuwa amelindwa vizuri kuliko wewe: ana chanjo, na pengine aliugua pia.

Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema Mei 2021 kwamba kipimo cha kingamwili kisitumike kuamua kama mtu ana kinga baada ya chanjo, na WHO tangu Aprili 2020 ilikwisha kuonya dhidi ya kumpa mtu cheti cha kinga kwa kipimo hiki. Chuo kikitaka kukitumia kuamua nani aingie bwenini au darasani, kipingwe kwa adabu na kwa hoja hizi.

Kuhusu chanjo nitakuwa mkweli kwako. Kwa binti wa umri wako, mwenye afya, ambaye huenda alishaambukizwa, faida ya ziada ipo ila ni ndogo. Mwongozo wa WHO wa Machi 2023 uliwaweka watu wazima wenye afya ambao si wazee kwenye kundi la kipaumbele cha kati. Mama yako yuko kundi la juu, pamoja na wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Kwa hiyo nguvu unayoitumia kufikiria mstari wako, ihamishie kwake. Mwulize amechanjwa lini na chanjo gani, kisha mwende wote kituo cha afya mkaulize iliyopo sasa. Na sukari yake iwe imetulia, maana kisukari kisichodhibitiwa ndicho kinachomweka hatarini zaidi korona ikimpata. Dawa za presha aendelee nazo kama alivyoelekezwa.

Nenda Tukuyu. Kama siku ya safari huna homa, kikohozi wala koo linalowasha, huna sababu ya kujizuia. Kama unazo, ahirisha siku chache, au pima antijeni ya puani kwanza. Kujipima tena kingamwili hakutakusaidia lolote. Kwenye Coaster omba dirisha lifunguliwe japo kidogo, hata mvua ya Rungwe ikinyesha, na vaa barakoa kama jirani yako anakohoa. Ukianza kujisikia vibaya ukiwa nyumbani, lala chumba chako, usimpikie mama kwa siku kadhaa, na mkae nje kwenye hewa mnapozungumza.

La kundi la WhatsApp limenikera. Majibu ya vipimo ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Hakuna kiongozi wa darasa mwenye ruhusa ya kuzisambaza, na watafiti hawakupaswa kumpa orodha yenye majina. Kila utafiti wa aina hii hupitishwa na kamati ya maadili, na fomu ya ridhaa uliyosaini inapaswa kuwa na namba ya simu ya kamati hiyo. Itafute, wapigie, waeleze. Mwambie pia mlezi wa wanafunzi aagize ujumbe ule ufutwe. Ukihisi unasumbuliwa kiasi cha kushindwa kuhudhuria vipindi, nenda kwa mshauri wa wanafunzi ana kwa ana, usisubiri mpaka mitihani ifike.

Na haya hayahitaji barua kwangu wala mtu mwingine, yanahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwako au kwa mama: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua yasiyoisha, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi ya bluu, au mama kutapika na kushindwa kula huku sukari ikipanda. Kwa Tukuyu anzeni hospitali ya wilaya, nao watawapa rufaa ya Hospitali ya Kanda Mbeya ikibidi. Homa, hasa kama mmetoka Kyela, ipimwe malaria kwanza. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Mwenzako naye, kama tangu nimonia ile bado anachoka kupita kawaida au anahema akipanda ngazi za hosteli, aende akaonwe na daktari wa magonjwa ya ndani, hata kama karatasi yake inasema hasi.